Muulize Mzee wa Lami: Kinachovuma masikioni si ekzosi

Mwezi huu barua karibu zote ni za jambo moja, masikio ya mwendesha pikipiki, na aliyelianzisha ni mimi mwenyewe. Toleo lililopita nilitaja kwa sentensi moja tu kwamba sikio langu la kushoto nililiacha barabarani, kisha nikaendelea na habari za cheni na spoketi. Wasomaji hawakunisamehe. Haya, cheni itasubiri.

Shikamoo Mzee. Mimi ni afisa ugani wilayani Iramba. Pikipiki nilipewa mwaka 2022, zile walizogawiwa maafisa ugani na serikali. Mara mbili kwa wiki, wakati mwingine tatu, natoka Shelui kwenda Singida mjini na kurudi siku hiyohiyo, mwendo 80 hadi 90. Nikifika nyumbani jioni masikio yanavuma kama mzinga wa nyuki, na mke wangu analalamika kwamba redio naifungulia sana. Asubuhi nakuwa sawa. Fundi aliniambia ni ekzosi, nikabadilisha. Nikanunua na helmeti nzito ya kufunika uso mzima. Sijaona tofauti. Kosa liko wapi?
*Afisa ugani, Iramba*

Marahaba, mwanangu. Fundi wako hakukusudia kukudanganya, ila aliisikiliza pikipiki ikiwa kwenye stendi. Ikiwa imesimama, kweli, kelele yote ni ya injini na ekzosi. Ikianza kutembea mambo yanageuka. Ukivuka kilometa 60 na ushee kwa saa, upepo unaoipiga helmeti unaimeza injini, na kuanzia hapo kila ukiongeza mwendo unachoongeza ni upepo. Siku ukiwa kwenye kipande kilichonyooka, barabara tupu, achia mafuta usikilize. Injini itatulia papo hapo, lakini ule mngurumo ndani ya helmeti utabaki vilevile mpaka mwendo upungue. Huo ndio unaokufuata mpaka nyumbani.

Helmeti nzito haikukusaidia kwa sababu kazi yake ni fuvu, si sikio. Itazame: kwa chini iko wazi kama chungu kilichofudikizwa kichwani. Upepo ukifika usoni unazunguka pembeni, ukifika kwenye ukingo wa chini, pale kwenye kidevu na shingo, unakatika vipandevipande na kuanza kujizungusha. Utotoni ulipuliza mdomo wa chupa ya soda mpaka ikalia. Sasa chupa ni kichwa chako, na anayepuliza hachoki. Ikiwa helmeti imekulegea, ndiyo mbaya zaidi. Ukitikisa kichwa nayo ikabaki nyuma, au kidole kikapita kirahisi kati ya sponji na shavu, umenunua namba ya mtu mwingine.

Watafiti wameshaweka maikrofoni ndogo ndani ya helmeti, jirani na sikio la mwendeshaji, wakaenda naye barabarani. Kwa mwendo kama wako kelele inafika desibeli 90 na kupita. Ukizidi sana 100 kwa saa, desibeli nazo zinavuka 100. Na desibeli hazihesabiwi kama kilo za mchele. Kila zikiongezeka 3, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili, kwa hiyo muda wa kuivumilia unakatwa nusu. Wataalamu wa afya kazini huanzia desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Zikiwa 88, saa 4. Zikiwa 91, saa 2. Zikiwa 94, saa moja. Zikifika 100, robo saa. Ichukulie kama posho ya siku: wewe unaimaliza kabla ya kuziona nyumba za Singida, na safari ya kurudi unaiendesha kwa mkopo.

Unasema asubuhi unakuwa sawa. Hilo ndilo lililonikalisha chini kukuandikia kirefu. Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kilichojikunja kama konokono, na humo mna chembe zenye vinyweleo vidogo mno, kama 15,000 kwa kila sikio. Sauti ikiingia, vinyweleo vinayumba. Wewe ni mtu wa mashamba, utanielewa: ni mtama uliopigwa na upepo wa usiku. Asubuhi sehemu kubwa imesimama tena, unashukuru Mungu, unasema shamba limepona. Lakini yapo mabua yaliyovunjika, machache, na hukuyaona kwa sababu shamba ni kubwa. Mtama utapanda mwingine msimu ujao. Chembe za sikio la binadamu hazioti tena.

Mimi nilikuwa mratibu wa chanjo. Miaka 19 juu ya Honda XL 125, kasha la chanjo nyuma limekazwa kwa mipira ya tyubu, Makambako kwenda Njombe, Njombe kwenda huko vijijini, na kurudi. Aliyewahi kusimama Makambako mwezi wa nane anaujua upepo wa pale, maana haungoji upande pikipiki ndipo ukupige. Miaka ya mwanzo nilivaa helmeti ya nusu, ya wazi, ndiyo iliyokuwa ofisini. Jioni masikio yalivuma, asubuhi yalitulia, nikaona ni uchovu tu. Wenzangu waliowahi kumeza kwinini waliniambia mlio huo wanaufahamu, basi tukacheka.

Nilichokuja kugundua kwanza kilikuwa kitu kidogo. Tulikuwa tumeletewa vipimajoto vya kidijitali, vile unavyoweka kwapani kisha vinalia pii-pii joto likishasomwa. Nikamweka mtoto, nikangoja. Nikangoja. Mama yake ananitazama. Mwisho akasema kwa adabu, "Daktari, kimelia mara mbili." Nilidhani ni kibovu, nikachukua kingine. Nacho kilikuwa kibovu! Siku nyingi baadaye, tumekaa nje usiku, nikamwambia mke wangu kwamba mwaka ule nyenje wamepotea, labda ni dawa za mashambani. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Hawa wanaolia hapa ni nini?"

Kwenye kipimo cha usikivu wanakufungia ndani ya kibanda kidogo kama kile cha simu za zamani, wanakuvalisha spika, unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio. Karatasi ikitoka ina mstari. Wangu ulikwenda vizuri upande wa sauti nene, kisha ukatumbukia bondeni kwenye hezi 4,000, yaani upande wa sauti nyembamba, kushoto zaidi ya kulia. Yule daktari kijana akaniuliza nimefanya kazi mgodi gani. Nikamwambia sijawahi kuingia mgodini, nilikuwa napeleka chanjo.

Sasa dawa yake. Tafuta vizibo vya masikio, vile vya sponji laini vyenye umbo la risasi ndogo, rangi ya njano au ya chungwa. Vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, wanapouza mabuti ya chuma na makoti yanayong'aa, na baadhi ya maduka ya dawa wanavyo. Jozi yangu ya mwisho ilikuwa shilingi 1,000, hata ungelanguliwa haifiki nusu ya bei ya ile ekzosi yako.

Ila wengi wanavivaa vibaya. Wanakichomeka mlangoni pa sikio kama kifuniko cha chupa, kisha wanasema havisaidii. Nawa mikono kwanza. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba, kama unasokota utambi wa kibatari. Mkono wa pili uuzungushe juu ya kichwa, ushike sikio kwa juu, ulivute juu na nyuma kidogo, maana tundu la sikio lina kona na ukivuta linanyooka. Ingiza upesi, kishikilie kwa kidole, hesabu polepole mpaka thelathini kiumuke chenyewe humo ndani. Ukiongea, sauti yako ije kama unaongelea ndani ya mtungi. Kujaribu, funika masikio yote kwa viganja kisha viondoe. Kelele ikibadilika sana, kizibo hakijakaa. Halafu ndipo uvae helmeti. Ikikuvutia kizibo nje, ujue kilikuwa hakijazama.

Kwenye pakiti utaona namba, labda 30 au 33, ndizo desibeli wanazodai kinapunguza. Namba hizo ni za maabara, kwa mtu aliyevalishwa na mtaalamu. Barabarani ukipata nusu yake usilalamike, inatosha kukurudisha kwenye posho yako. Sponji ikishakuwa chafu au imeshindwa kuumuka, tupa. Ukitaka vya kudumu, vipo vya mpira laini vyenye ngazi tatu na kamba ya kuning'iniza shingoni, hivyo unaviosha kwa sabuni.

Shingoni nako usikuache wazi. Leso au skafu, izungushe ijaze ule mwanya chini ya helmeti, na ncha uzichomeke ndani ya koti zisipeperuke. Vijana wanaovaa koti kinyumenyume, zipu mgongoni, wanafanya hivyo kwa ajili ya baridi ya kifua, ila kola ikipanda mpaka kidevuni inakata upepo wa chini pia. Na kioo cha helmeti kifunge chote. Kikiwa wazi upana wa kidole tu kinapiga filimbi.

Jambo moja utalikuta siku ya kwanza, nalo halisemwi. Ukishaziba masikio, 90 utaiona kama 60. Tulikuwa tunapima mwendo kwa kelele bila kujijua. Kwa hiyo wiki ya mwanzo tazama spidomita mara kwa mara, usije ukaniandikia barua nyingine kuhusu faini.

Mzee, mimi ni boda hapa Kahama. Nazunguka na abiria mjini, mara mojamoja napeleka mtu Kagongwa au Isaka. Naziba masikio kwa pamba. Wenzangu kijiweni wananiambia ipo siku lori litanipitia sijasikia honi. Nani yuko sahihi?
*Boda, Kahama*

Wao wana nusu ya ukweli, na wewe huna hata nusu ya kinga. Waswahili wakisema fulani katia pamba masikioni, wana maana hasikii ushauri. Hawakusema hasikii upepo, na kweli upepo unaozibwa na pamba hiyo ni mdogo mno. Ina matundu. Mngurumo mnene unapita kama maji kwenye chandarua. Unachopata ni nyuzi zinazobaki ndani na siku moja muuguzi anazivuta kwa koleo. Karatasi ya chooni ni hivyohivyo, usiniandikie kuniuliza.

Ama kuhusu honi. Ukiwa 80 kwenye lami ya Isaka bila kizibo chochote, upepo peke yake umeshaifunika ile honi. Kizibo kinaposhusha sauti kinazishusha zote, upepo na honi pamoja, kwa hiyo ile tofauti iliyokuwepo kati yao inabaki, na sikio ambalo halijaelemewa linaitofautisha vizuri zaidi. Umeshakaa harusini meza iliyo mbele ya spika. Jirani anakuambia kitu, husikii. Ukijiziba kidogo kwa vidole, ghafla unamsikia. Ni kanuni ileile. Mimi niliyeanza kuvaa vizibo nimechelewa nimeshasikia malori mengi nyuma yangu kwa masikio yaliyozibwa. Mtu ambaye usikivu wake umeshapungua sana ndiye anayepaswa kupata ushauri wa daktari kwanza, kwa kuwa kizibo kinaweza kumwondolea hata kile kidogo.

Mjini ni habari nyingine. Mwendo wa 30, abiria anakuambia kata kushoto, bajaji inachomoza, mtoto anakimbilia mpira: hapo hakuna upepo wa kuogopa, vitoe uweke kwenye kikopo mfukoni. Vaa unapoingia barabara kuu. Halafu nikuulize na mimi swali. Vioo vyako vya pembeni viko wapi? Nawajua nyinyi, mnavifungua mnaviweka nyumbani ili mpenye kwenye foleni. Virudishe. Lori unatakiwa ulione kabla hujalisikia.

Kahama ni mji wa watu wa migodini, vizibo vya sponji havitakupa shida kuvipata. Uliza duka lolote linalouza mabuti na helmeti za wachimbaji.

Mzee, habari ya huko Tanzania. Mimi ni mtu wa nduthi, hizo pikipiki mnazoziita boda huko, Nakuru. Nimeweka mwavuli mkubwa ule wa kufunika dereva na abiria, na kioo cha mbele pia. Mvua hainipati, lakini kelele imekuwa mbaya kuliko zamani. Nitoe gani?
*Mtu wa nduthi, Nakuru*

Mwavuli, ndugu yangu, na usingoje kesho. Huku kwetu haujaenea hivyo, ila niliupanda mara moja nikiwa abiria huko Kisumu na sikuelewa dereva alinijibu nini njia nzima. Turubai lile linapigapiga juu ya kichwa chako, na upepo unaotoka mbele unanaswa chini yake unarudi masikioni. Kelele ni shida ndogo. Basi kubwa likikupita kwenye barabara ya Nairobi, mwavuli unageuka tanga, na nduthi si jahazi.

Kioo cha mbele kinahitaji akili kidogo. Watu hudhani kioo chochote kinapunguza kelele. Sivyo. Upepo ukipanda juu ya kioo, pale kwenye ncha unavurugika, na ule mvurugo unatua mahali. Ukitua kwenye kidevu au usoni pa helmeti, bora ungekuwa huna kioo kabisa, maana upepo ulionyooka una kelele ndogo kuliko uliovurugika. Jaribu hivi mahali pasipo na magari, mwendo wa wastani: inamisha kichwa kidogo, sikiliza, kisha inuka kidogo, sikiliza. Kelele ikipungua ulipoinama, kioo chako ni kifupi. Ikipungua ulipoinuka, umekaa ndani ya mvurugo, na hapo mwambie fundi akilaze nyuma au akishushe kidogo mpaka upepo ukufikie kifuani ukiwa umenyooka. Wapo warefu kama mimi ambao hawajapata kioo cha kuwafaa. Nilikiondoa changu nikabaki na vizibo.

Shikamoo baba. Mume wangu huu ni mwaka wa 11 anaendesha boda, anapeleka watu na mizigo Pangani na Muheza. Siku hizi nikimwita kutoka jikoni hajibu, watoto wanadhani amewakasirikia. Juzi kagombana na abiria kwa ajili ya nauli. Kuna mtu stendi anauza matone ya mitishamba, anasema yanarudisha usikivu kwa siku 7. Pia nimesikia Muhimbili wanapandikiza sikio. Nianzie wapi?
*Mama watoto, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Nauli hiyo, nakisia, ilikuwa elfu sita au elfu tisa.

Sijapiga ramli. Kelele za muda mrefu huanza kula sauti nyembamba, na katika maneno sauti nyembamba ni s, t, f, k, sh, ch. Irabu ni nene, zinabaki. Lugha yetu imejaa irabu, ndiyo maana mtu kama mumeo anasikia kabisa kwamba kuna mtu anaongea na anaapa kwamba masikio yake ni mazima, ila hajui umesema nini. Toa s na t kwenye "sita" na "tisa" uone kinachobaki: i na a, i na a. Mimi nimeshalipa viazi vya elfu sita kwa elfu tisa na nikamshukuru muuzaji.

Kwa hiyo usimpigie kelele kutoka jikoni. Ukipaza sauti unazipaza irabu, ambazo anazo tayari, s haipazwi. Mwendee, akuone uso, uzime redio, useme kwa sauti ya kawaida. Wafundishe na watoto kumgusa bega kwanza. Haya hayagharimu kitu na yatarudisha amani nyumbani kabla hujafika hospitali.

Matone ya stendi yaache palepale stendi. Hakuna dawa ya kudondosha inayootesha upya kilichokufa kwenye lile konokono la ndani. Na ikiwa ngoma ya sikio lake ina tundu, matone hayo yanaingia mahali yasipotakiwa. Anza na zahanati au kituo cha afya cha karibu, wamwangalie ndani kwa kile kitochi. Huenda sehemu ya tatizo ni nta tu iliyojaa, na nta wanaitoa kwa dakika chache. Msiposhughulika na nta nyumbani ndiyo bora zaidi: si kwa njiti ya kiberiti, si kwa ufunguo wa pikipiki, si kwa unyoya wa kuku. Naujua utamu wa unyoya, nimekulia kwenye nyumba iliyokuwa na unyoya mmoja wa familia nzima. Unaisukuma nta ndani, na siku mtoto akikugonga kiwiko unatoboa ngoma. Kama sikio linatoa usaha, atibiwe kwanza, asizibe kitu humo.

Baada ya hapo muombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, akapimwe usikivu. Hospitali ya Bombo ni hapohapo Tanga, waulize. Hospitali ya KCMC Moshi nao wana idara hiyo. Amweleze daktari miaka ya pikipiki, na aseme kama aliwahi kupigwa sindano za gentamaisini au kutumia kwinini kwa muda, maana dawa hizo nazo huweza kugusa masikio. Uliyoyasikia Muhimbili ni kweli, walianza kupandikiza kifaa cha kusikia ndani ya sikio mwaka 2017, lakini ule ni kwa mtu ambaye sikio lake karibu halisikii kabisa, wengi wao watoto waliozaliwa hivyo. Mumeo, kwa unavyomweleza, akihitaji kitu kitakuwa kifaa cha kuvaa sikioni. Kama anaona haya, mwambie mimi ninacho, na wajukuu wangu wanabishana nani atabadilisha betri.

Wakati huohuo avae vizibo kila aendapo Pangani. Upungufu wa usikivu unaoletwa na kelele husimama kelele ikisimama. Kilichobaki kinalindika.

Nakuongezea hili, liweke akilini. Sikio moja likizima ghafla, mtu kalala mzima kaamka hasikii upande mmoja, hilo si la kusubiri siku 7 wala 2. Aende hospitali siku hiyohiyo, kuna matibabu yanayofaa yakianza mapema.

Mzee kwema? Mimi nikiwa safarini naweka spika za masikioni chini ya helmeti, nasikiliza mpira. Zinaziba upepo vizuri tu. Si ndiyo kizibo hicho?
*Boda na Mwanayanga, Mbagala*

Hapana. Sauti uliiweka namba ngapi ulipokuwa kijiweni, na namba ngapi ulipofika kasi ya 80? Umeipandisha ili iushinde upepo, kwa hiyo sasa sikio linapigwa na wawili, upepo na mtangazaji, na watangazaji wetu unawajua siku ya Simba na Yanga. Pia akili yako iko Uwanja wa Mkapa wakati mikono iko Kilwa Road.

Ukifika zima pikipiki, agiza chai, utakuta watu watano wa kukusimulia lile bao, kila mmoja na mpiga pasi wake.